Kunde za Mtani

Mama yangu alifagia uwani kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika. Alifagia kwa ufagio wa chelewa, ameinama, mkono mmoja mgongoni, tangu mlango wa nyuma mpaka kwenye ua wa makuti uliotutenga na nyumba ya pili. Akimaliza, mchanga ulibaki na mistari kama kichwa kilichochanwa, na ole wako uikanyage kabla mwenyewe hajaridhika nayo. Nilizaliwa ndani ya sauti ya ufagio ule na niliichukia. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa akili nyingi. Mengine niliyafanya kwa uvivu tu, na uvivu ule ukatufaa.

Usafi wa uwani ulikuwa heshima ya mwanamke. Mgeni wa kike akiingia kwako kwa mlango wa nyuma, kwanza anaangalia chini. Jani moja la mkungu wa jirani likionekana limelala mchangani, habari zitafika mtaa wa tatu kabla ya adhuhuri kwamba fulani siku hizi amelegea. Mama hakulegea. Alifagia akiwa na homa, alifagia akiwa na mimba yangu, alifagia asubuhi ya harusi yangu, na alikuwa anafagia asubuhi niliyorudi na sanduku langu baada ya kuachwa. Aliniangalia pale mlangoni, machozi yakamlengalenga, akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu. Pita pembeni, usikanyage."

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, mitaa michache kutoka sokoni: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uwani nyuma. Baba aliijenga mwenyewe. Alikuwa mwashi, mchana kutwa akiwajengea wenye maduka nyumba zao za mawe kule mjini, na jioni alirudi na chokaa kwenye nyusi. Siku hizo za Mwingereza watu walikuwa wanaingia Dar es Salaam kutoka kila upande, na kila mwenye nyumba alipangisha. Mtaa wetu ulikuwa na Wazaramo kama baba, Wamanyema, Wanyamwezi, na Mshihiri mwenye duka la pembeni, kila mmoja na Kiswahili chake, na wote tukisikilizana vizuri hasa wakati wa kugombana.

Bustani ya mama ilikuwa huko huko uwani, nyuma ya kibanda cha jiko. Haikuwa bustani ya mboga. Ilikuwa na miasumini, vichaka vya mrehani, na mwaridi mmoja uliozoea kununa. Mama alitengeneza vikuba, vile vifungu vidogo vya maua na majani ya kunukia ambavyo mwanamke huvibana kwenye nywele au kifuani. Alitunga pia asumini kwenye uzi kwa ajili ya maharusi. Bibi harusi wa mitaa yetu hakuingizwa ndani bila maua ya mama, na kila Alhamisi jioni wanawake walikuja na visahani vyao, wakaondoka navyo vimefunikwa kitambaa. Baba alikuwa na kazi yake na mama alikuwa na yake, na chokaa na asumini vilikaa nyumba moja bila tatizo.

Miaka ile ya mwisho ya uhai wa baba, miasumini ikagoma. Majani yaligeuka manjano, vichipukizi vikakauka kabla ya kufumbuka, mrehani ukarefuka bila majani ukabaki fito. Maji ukimwagia hayakuingia, yalitiririka juu ya mchanga ule uliofagiwa hadi ukawa mgumu, yakaenda kwa jirani. Mama alisema ni jicho la watu. Alifukiza ubani, akainua ua wa makuti, na akazidi kufagia, maana mahali pachafu, alivyoamini yeye, ndipo balaa hupata pa kukaa. Kila jani lililoanguka chini ya miasumini aliliokota siku ile ile, asije mtu akaliona. Rundo alilipeleka jalalani au alilichoma. Wanawake wa visahani wakapungua, halafu wakaacha kuja.

Kisha baba akafa. Alirudi kazini na homa, akalala, hakuamka tena kwenda kujenga. Sitaki kuandika mengi juu ya siku zile. Mama alivishwa nguo za eda, akawekwa chumbani kwake, miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajipaki manukato, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, hashiki kazi ya nje. Akienda msalani alikwenda amejifunika kanga gubigubi, mimi nikiwa mbele yake, na hakusimama njiani. Dirisha la chumba chake lilikuwa dogo, la mbao, nalo lilitazama uwani. Kwa ufa wa dirisha lile aliona pembe moja ya bustani yake, basi.

Siku ya hitima baba mkubwa, kaka yake baba, aliniita barazani. Alikuwa mtu wa shamba, mwenye minazi yake kusini ya mji, mpole, mwenye kusema pole pole hadi unataka kumalizia maneno yake.

"Mwanangu," alisema, "mwambie mama yako hivi. Eda ikiisha nitakuja na mkokoteni, nimchukue yeye na vyombo vyake, na wewe pia. Nyumba tutaipangisha yote. Mjane hawezi kukaa mjini kwa kuuza maua, na maua yenyewe nimeyaona, hayapo. Kama bustani ingekuwa na kitu, wallahi nisingesema neno."

Niliingia ndani nikamweleza mama. Alisikiliza akitazama mkeka.

"Mwambie shemeji nimesikia," alisema. Nilipogeuka kutoka, akanishika mkono. "Kusikia siyo kukubali. Nilikuja nyumba hii mwari. Nitatolewa humu kwa jeneza, siyo kwa mkokoteni."

Mimi niliogopa kuliko yeye. Nilijua huko shamba kuna wanaume wawili watatu wenye wake na nia ya kuongeza, na mimi mwanamke aliyeachwa sikuwa na la kusema. Nilimpenda mama, nilizipenda kelele za soko, wachukuzi na mizigo yao wakipiga kelele tuwapishe, harufu ya kahawa na samaki mkavu. Nilikitaka chumba changu. Lakini niliangalia miasumini ile ya manjano kupitia mlango wa nyuma na sikuona namna.

Sasa, ndani ya hitima hiyo hiyo ndipo yalipotokea mambo ya mtani.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakikutana pwani, hawa wakishuka na mizigo ya misafara, hawa wakiwapokea. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani kwako atakuja kumtukana marehemu, atavaa kanzu yake kichwa chini miguu juu, atalala kitandani kwake na kuagiza chai, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Akishika kitu chako au akiharibu, hukirudishi mpaka ukikomboe kwa anachokitaka. Ndivyo tulivyolelewa. Na sisi mtani tulikuwa naye ndani ya nyumba: mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, mwanamke wa Kinyamwezi, mume wake mchukuzi bandarini. Yeye aliuza kunde, choroko na karanga sokoni, akikaa juu ya gunia, na sauti yake niliisikia nikiwa bado sijakata kona.

Wakati watu wanasubiri pilau, alitoka chumbani kwake na jembe begani na kikapu kichwani. Akapita katikati ya wanawake, akaenda moja kwa moja nyuma ya kibanda cha jiko, kwenye mchanga wa mama wenye mistari, akapiga jembe.

"Mwashi kaniachia shamba!" alipiga kelele. "Alikuwa bahili huyu, pa kuweka mguu alininyima. Leo nalima mpaka mlangoni!"

Wanawake wakacheka hadi wengine wakashika mbavu, na walioanza kulia wakachanganya. Alichimba vishimo kuzunguka kila mwasumini, akatupia kunde, akafukia kwa mguu. Alipomaliza, alisimama akajifuta jasho akataja kombozi lake. "Nataka kuku. Mweupe, jike. Nipewe na mwenye nyumba kwa mkono wake, amesimama hapa hapa bustanini. Vinginevyo kunde zangu haziguswi!"

Wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu kila mmoja alielewa. Mwenye nyumba alikuwa ndani ya eda. Hakuweza kuja kusimama bustanini na kuku wala bila kuku.

Jioni dirisha likafunguliwa kidogo.

"Mwanangu. Zing'oe."

"Mama, ni za mtani. Hazijakombolewa."

"Nakwambia zing'oe. Yule kavuka mpaka. Ile siyo kanzu ya marehemu, ile ni bustani."

"Mila ni mila, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Na ufagio niliokufundisha uko wapi?"

Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango, na ukweli ni kwamba sikuwa na hamu ya kuugusa. Mila ilikuwa imenipa likizo na nilikusudia kuitumia. Nilifagia baraza, nilifagia ukumbi, nilifagia kipande cha mlango wa nyuma mpaka jikoni. Nyuma ya jiko sikufika, maana unafagiaje katikati ya kunde changa?

Mvua za vuli zilikuja vizuri mwaka ule. Kunde zikaota, zikatambaa, zikashikana mikono, na baada ya muda mchanga wa mama haukuonekana tena. Majani mapana yalijaa kuanzia ua wa makuti mpaka kwenye kibanda. Wanawake waliokuja kumliwaza mama walipita uwani, na wakiingia ndani hawakuweza kujizuia.

"Bibiye, kwako kumekuwa pori."

"Nasikia."

"Pori la kupotea mtu."

Wakiondoka, mama alilia. Nilimkuta siku moja amekaa chini ya dirisha, uso kwenye magoti. "Nimefiwa na mume," alisema, "na uwanja nao nimefiwa." Nilikaa karibu yake nikamshika miguu. Nilisikia huruma, na nilisikia hasira pia, nikitaka kumwambia kwamba uwanja haujafa, ni yeye aliyekuwa akiukwangua kila siku. Lakini wakati ule sikuwa na hakika, na mtu wa eda hasemezwi hivyo.

Hakika ilianza kunijia kupitia mkono wangu. Nilikuwa naupelekea maji mwasumini mmoja mchana wa jua kali, debe kichwani, nikalitua, nikainama kusogeza majani ya kunde nimwagie shinani. Mkono wangu ukagusa ardhi. Ilikuwa ya baridi. Ilikuwa na umande wa asubuhi bado, saa saba mchana, wakati pale mlangoni nilipofagia mchanga ulikuwa unachoma nyayo. Nikamwaga maji. Hayakukimbia. Yaliingia pale pale nilipoyamwaga, na nilibaki nimechuchumaa nikiangalia kama mjinga.

Jioni nilimfuata mtani akipepeta choroko.

"Hebu niambie kweli," nilimwambia. "Ulipanda kwa utani au kwa kitu kingine?"

Aliendelea kupepeta. "Ninyi watu wa pwani mnaivua ardhi nguo kila alfajiri, halafu mnashangaa ina homa. Kwetu shamba likichoka linavishwa kunde. Zikianza kutoa maua tunazikata, tunazilaza hapo hapo, zinaoza, ardhi inakula. Mama yako anaipokonya chakula mdomoni anaenda kukichoma."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia! Miaka miwili namwambia. Akacheka. Mtani akisema, nani anamsikiliza?" Akanitupia ganda. "Na wewe shika unalotaka. Mimi nangoja kuku wangu."

Nilifikiri sana juu ya jambo hilo, na nimeendelea kulifikiri uzeeni. Mama hakuwa mjinga. Alijua asumini ipi ichumwe jioni ipi, alijua kuunganisha manukato ambayo sijapata kuyasikia kwa mtu mwingine. Lakini macho yake yalifundishwa tangu utotoni kwamba jani lililoanguka ni aibu. Kumwambia aliache jani lioze chini ya mwasumini kulikuwa sawa na kumwambia atoke barabarani bila buibui. Angekusikia, lakini mwili wake usingekubali.

Kunde zilipoanza kutoa maua, akaja mtu wa afya wa mji. Walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba kutazama mitungi ya maji na vichaka, kwa ajili ya mbu. Alisimama uwani, akaangalia kunde zilizopanda ua wa makuti, akatikisa kichwa. "Hizi zikatwe," alisema. "Nikirudi nisizikute zimesimama." Akaenda nyumba ya pili.

Dirisha likafunguka. "Alhamdulillahi," ilisema sauti ya mama. "Serikali imesema. Zing'oe zote, zikachomwe."

Mtani alikuwa ameshatoka na panga lake. Kunde zilikuwa zake, na akazikata mwenyewe, kila shina juu kidogo ya ardhi, mizizi akaiacha. Rundo likawa kubwa, la kijani, lenye harufu ya majimaji. Kisha akaanza kulitandaza chini ya miasumini.

"Hapana!" Mama aligonga ubao wa dirisha. "Mtu wa afya amesema!"

"Ameagiza zikatwe, mwenye nyumba. Nimekata. Hakuagiza zitolewe."

"Mwanangu! Chukua rundo hilo upeleke jalalani. Sasa hivi. Hizo zimeshakatwa, hazina utani tena!"

Wote wawili wakaniangalia, yaani mmoja aliniangalia na mwingine nililiona jicho lake kwenye ufa. Nilikuwa nimesimama katikati na kikapu. Nilijua mama ana haki. Kunde zilizokatwa hazikuwa tena shamba la mtani. Safari hii hapakuwa na mila ya kujifichia. Nikakumbuka ardhi ya baridi mkononi. Nikakumbuka mkokoteni wa baba mkubwa. Nikainama, nikashika mafungu mawili ya kunde, nikayalaza chini ya mwasumini wa kwanza, nikayabana kwa mguu. Nilifanya hivyo mpaka rundo likaisha.

Dirisha likafungwa. Siku kadhaa mama hakunisemesha ila kwa lazima. Kunde zikaoza, zikawa kahawia, inzi wakaja, harufu ikaingia ndani. "Kunanuka," alisema mama akiuangalia ukuta. Nililala vibaya siku zile. Ikiwa nimekosea, basi nilikuwa nimemdhalilisha mama yangu akiwa amefungiwa, na mwisho wake bado tungekwenda shamba.

Halafu miasumini ikaanza kutoa vichipukizi. Sikusema. Vichipukizi tulishaviona miaka ya nyuma, vikatudanganya. Nilikuwa nakwenda kuviangalia asubuhi na jioni, navihesabu, nikipoteza hesabu naanza upya. Majani mapya yalitoka ya kijani kibichi. Vikazaliwa vitumba, vyeupe, vyenye ncha ya waridi, na havikudondoka.

Jioni moja nilikuwa chumbani kwa mama namsugua miguu. Adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika sasa hivi, na dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Upepo ukaingia. Mama akainua kichwa. Alikaa hivyo, pua juu, na mimi nikaacha kusugua.

"Funga dirisha," alisema.

"Mama?"

"Funga dirisha, mwanangu. Mimi ni mtu wa eda, manukato siruhusiwi." Akaivuta kanga yake. "Funga haraka."

Nilifunga. Nilipogeuka alikuwa ameuficha uso ndani ya kanga, mabega yanamcheza, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwosha, wakamvika kanga mpya. Baba mkubwa alikuwa ameshafika barazani, na mkokoteni wake umeegeshwa mbele ya nyumba na watu wawili wa kuusukuma. Mama hakwenda barazani. Alitoka mlango wa nyuma, akauchukua ufagio nyuma ya mlango. Mtani alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

Mama akainama, mkono mmoja mgongoni, akaanza kufagia. Alifagia kutoka mlangoni, akafagia kuzunguka jiko, mistari ikitoka iliyonyooka kama zamani. Akafika pale majani yaliyooza yanapoanzia. Ufagio ukasimama. Aliutazama mchanga wake, ambao sasa haukuwa mchanga, ulikuwa mweusi. Akachuchumaa, akaingiza vidole chini ya majani, akainua. Nyungunyungu wawili wakajikunja kwenye kiganja chake. Mama, ambaye zamani angewatupa huku akisema audhubillahi, aliwarudisha chini na kuwafunika.

Ufagio akauegemeza kwenye ua. Akachuma asumini, kisahani kikajaa, akanikabidhi.

"Mpelekee shemeji. Mwambie haya ni ya leo tu. Ya kesho bado yako mtini."

Baba mkubwa alikipokea kisahani, akakisogeza puani, akakaa nacho mapajani. Alikuwa mtu wa neno lake. Alikunywa kahawa, akaomba dua, akaagana na mama kupitia mlangoni, na mkokoteni ukarudi mtupu. Wasukumaji tu ndio waliolalamika.

"Na kuku wangu?" mtani alipiga kelele uwani.

"Kuku gani?" alisema mama.

Hakumpa. Mwaka wa pili, vuli ilipoingia, mtani alipanda tena kunde, kwa kuwa shamba lilikuwa bado halijakombolewa, na mama alisimama mlangoni akimtukana kwa raha zake. Mwaka wa tatu pia. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: kunde zikipandwa, mama analalamika juu ya pori, zikitoa maua zinakatwa, zinalazwa, kisha wanawake wa visahani wanajaa barazani. Kila mara mtani alidai kuku wake, na kila mara mama alisema hajamwona kuku mweupe mwaka huu. Uongo mtupu. Ndani ya tenga jikoni mama alifuga kuku mweupe jike, na akifa alitafuta mwingine mweupe.

Mtani alikufa kabla ya ile vita ya pili, katika chumba chake kile kile cha nyuma. Zamu ya utani ikawa yetu. Walimwosha uwani, nyuma ya pazia la kanga lililofungwa karibu na bustani. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, na ikabidi mtu aanze, maana msiba wa mtani bila utani ni fedheha.

Mama alitoka jikoni. Mkono mmoja ameshika ufagio wa chelewa, kwapani amembana kuku mweupe. "Mnyamwezi huyu!" alisema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Miaka yote kanijazia takataka, leo anaondoka bila kufagia!" Akafagia katikati ya miguu ya waombolezaji, akawafagia na wao, na wanawake wakacheka kama walivyocheka siku ile ya baba. Kisha akauacha ufagio, akaingia ndani ya bustani, akasimama katikati ya miasumini. Akamshika kuku kwa mikono miwili, akamnyoosha kuelekea pazia.

"Haya. Kuku wako. Kwa mkono wangu, nimesimama hapa hapa. Pokea."

Watu walikuwa bado wanacheka.

"Pokea, mtani."

Kicheko kikaisha. Mama alibaki amenyoosha mikono, na kuku naye ametulia.

"Pokea basi," alisema, na sauti ikamkatika. Mtani halii kwenye msiba wa mtani wake, hiyo ni sheria, na mama yangu, mtu wa sheria, alilia pale mbele ya watu wote. Nilikwenda nikamtoa kuku mikononi mwake.

Kwa hiyo shamba lilikombolewa, na kunde tulikuwa huru kuzing'oa. Vuli ilipokaribia, mama alinipa kikapu, akanituma sokoni. Pale lilipokuwa gunia la mtani alikaa mtu mwingine, nisiyemjua. Nilinunua kibaba kimoja cha kunde, nikarudi nyumbani, na mama alikuwa ameshatangulia bustanini na jembe.